Sabuni Kwenye Mkanda

Kwa miaka ishirini na saba, hakuna gari lililofunguliwa boneti katika gereji ile kabla halijasikilizwa. Mwenye gereji alikuwa na utaratibu wake. Gari likiingia, kwanza ananawa mikono kana kwamba amekaribishwa mezani. Kisha anamwambia dereva awashe, anasimama hatua mbili mbele ya taa, anafumba macho na kuinamisha kichwa upande wa kulia kama kuku aliyehisi mwewe. Anahesabu hadi kumi. "Zima," anasema. "Nozeli ya tatu." Wakifungua, ni nozeli ya tatu. Watu wakaacha kumwita fundi, wakamwita Sikio, na yeye akalivaa jina hilo kama mtu anavyovaa koti jipya, kifua mbele.

Basi Sikio huyo ndiye aliyekuwa hasikii.

Tusimwonee. Hakuwa kiziwi. Sauti nene zote zilimfikia vizuri tu: ngurumo za malori, mlango unaobamizwa, kicheko cha jirani yake wa matairi. Zilizomkimbia ni zile nyembamba. Mluzi wa birika, kengele ya baiskeli, kilio cha mkanda wa injini unaoteleza, zote ziliondoka mojamoja bila kuaga. Aligundua kwa ndege. Asubuhi moja, kikombe mkononi, alimuuliza mkewe, "Hivi ndege wa paa hili wamehamia wapi?" Mkewe akainua uso, akatazama juu, kisha akasema, "Labda wametuchoka," akarudi kwenye cherehani yake. Sikio naye akatazama juu. Walikuwa palepale ukingoni mwa bati, kama kumi hivi, wanagombana, midomo inafunguka na kufumba, na hakuna hata mmoja anayetoa neno.

Alimeza mate, akaimeza na siri yenyewe.

Mtu mwingine angesema tu, jamani, umri huo. Yeye mdomo wake ulikuwa umefungwa na yamini aliyokula mwenyewe, tena kwa hiari, tena mbele ya watu. Alipokuwa kijana anajifunza kazi, bwana wake alikuwa mzee mmoja waliyempachika jina la Bwana Chaki. Mzee yule alichora kila kitu. Hafungui nati kabla hajaichora mstari, hagusi puli kabla hajaichora mstari, na vijana walisema akifa atachora mstari kwenye jeneza ajue kama limesogea. Siku moja Bwana Chaki alimkabidhi mteja lori huku mpira wa breki unavuja upepo, ssss, kila mtu anausikia isipokuwa yeye. Lori likarudishwa. Mzee alipoingia ndani kutafuta kibano, kijana Sikio akasimama katikati ya wateja, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akamwigiza: "Eh? Nani? Upepo gani?" Watu wakashika mbavu. Sifa zikampanda kichwani, akainua mkono na kuapa: "Siku masikio yangu yakiniacha, nitafunga boksi langu la spana nimkabidhi mtu, nikaote jua nyumbani. Mimi sitangoja kuchekwa!"

Alipogeuka, Bwana Chaki alikuwa mlangoni, kibano mkononi. Wenzake walimnong'oneza asihofu, mzee hasikii. Lakini macho alikuwa nayo. Baada ya mwezi mmoja gereji ikafungwa.

Shahidi wa yamini ile alikuwa bado hai, mnene, na kwa bahati mbaya alikuwa ndiye yule jirani wa matairi, aliyejifunza naye kazi. Jina lake Upepo, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya maneno yake. Upepo husahau alipoweka ufunguo wake dakika mbili zilizopita, lakini neno la mtu halimtoki hata miaka thelathini.

Jumanne hiyo, kama saa tatu asubuhi, liliingia gari la shemeji.

Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mkunga, mwanamke wa haraka haraka, mikono mikavu kwa kunawa. Gari lake lilikuwa la dizeli, refu la nyuma, la rangi ambayo zamani ilikuwa fedha. Ndilo lililompeleka kwenye nyumba za wazazi, na wamo watu wazima wawili watatu mtaani waliozaliwa kwenye kiti chake cha nyuma.

"Shemeji!" akaita kabla hajazima. "Njoo umtazame mgonjwa wako. Usukani umekuwa mzito kama nageuza kaburi, na taa nyekundu ya betri imewaka tangu kona ya shule."

"Umelifanyia nini?"

"Mimi? Nimelipenda tu."

"Ndiyo sababu linakufa. Vitu unavyovipenda havidumu. Muulize aliyekuwa mchumba wako."

"Yule hakufa, alikimbia. Na alikimbia kwa gari ulilolitengeneza wewe, kwa hiyo hajafika."

Upepo, aliyekuwa amekalia tairi ukutani, akacheka mpaka tairi likalalamika. Sikio naye akacheka, lakini si kwa muda mrefu. Hii ilikuwa mara ya tatu kwa gari hili. Mara ya kwanza, miezi mitatu nyuma, shemeji alisema mkanda unalia. Sikio akasikiliza, asisikie chochote, akasema, "Halina kitu. Umezoea vilio vya vichanga, sasa unavisikia hata kwenye injini." Alikumbuka kuwa watu walitazamana. Mara ya pili aliona kwa macho mkanda una nyufa, akaubadilisha. Tangu hapo shemeji hakulalamika tena, na yeye akajipongeza.

Sasa Upepo anatazama. Sikio akanawa mikono. "Washa."

Akafumba macho, akainamisha kichwa, akahesabu. Ilimjia ile ngoma nene ya dizeli, dugu dugu dugu, nzuri tu. Juu ya ngoma hiyo, pale ambapo zamani kulikuwa na soko zima la sauti, kulikuwa kimya.

Alipofika kumi, hakuwa na kitu. Akasema lililokuwa karibu na ulimi. "Zima. Alteneta."

"Alteneta?" Upepo akauliza.

"Taa ya betri imewaka. Unataka niseme viatu?"

"Sijasema kitu, ndugu yangu. Nimerudia neno tu."

Alijua amebahatisha, na kubahatisha ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya injini. Akafungua boneti kwa haraka ya mtu anayejificha. Lakini macho yake yalikuwa mazima, na yalianza kazi bila kuamriwa. Mkanda, ambao ulikuwa na umri wa wiki sita tu, ulikuwa umechakaa kama wa miaka sita. Ukingo mmoja umelika na nyuzi zinaning'inia. Sehemu ya ndani inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na ndani ya mifereji yake kulikuwa na utando mweupe mkavu. Akaukwangua kwa ukucha, akanusa.

Sabuni.

Akainama zaidi. Pembeni ya betri, kwenye kijisahani cha bati, kilikuwa kimelala kipande cha sabuni ya mche, chembamba, kimeyeyuka upande mmoja kwa joto. Upande wa pili ulikuwa umekatwa kwa unyoofu usio wa kisu. Kisu huvunja sabuni, huacha makombo. Huu ulikatwa kwa uzi uliokazwa na kuvutwa. Katika watu wote aliowafahamu, mmoja tu ndiye aliyekata sabuni kwa uzi, na alikuwa anakata sabuni hivyo tangu walipooana, kwa sababu uzi ndio anaoushika mchana kutwa.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya gereji, na dirisha la chumba cha mbele, pale mkewe alipokuwa akishona, lilitazama kulekule kwenye magari. Mtetemo wa cherehani, ambao aliufahamu kwa miguu zaidi ya masikio, ulikuwa umesimama.

Sikio alikichukua kile kipande, akakiweka taratibu juu ya ukingo wa gari, mahali pa kuonekana. Halafu akaita, "Mama watoto! Niletee chaki yako."

Mkewe alitoka na chaki bapa ya kuchorea vitambaa, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akaiona sabuni. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama angani.

"Hicho ni nini tena?" shemeji akauliza, na kwa kweli kama angeishi kwa kuigiza angekufa njaa.

"Kipande cha keki," Sikio akasema. "Pisha."

Akapiga jeki upande wa kulia wa mbele, akaweka stendi, akaitikisa kuhakikisha, akatoa gurudumu na kifuniko cha plastiki kilicho nyuma yake. Puli ya kranki ikaonekana, ile puli kubwa ya chini inayozungushwa na injini yenyewe na kuuvuta mkanda, nao mkanda huzungusha alteneta ya kuchaji betri, pampu ya usukani na pampu ya maji. Akaipangusa kwa kitambaa. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu awe na gereji yake: akachora mstari mmoja mnyoofu, kutoka kwenye bolti ya katikati mpaka ukingo wa nje wa puli.

Upepo akainuka kutoka kwenye tairi. Akasogea, macho kwenye mstari ule.

"Shemeji, washa. Gia isiwemo. Kanyaga mafuta kidogo, achia. Kanyaga, achia. Basi. Zima."

Akapiga magoti akatazama. Ule mstari ulikuwa umekatika. Nusu ya ndani imebaki na bolti. Nusu ya nje imehama upana wa kiganja.

Walikusanyika wote wanne, vichwa vimeinama kwenye tundu la gurudumu kama wanaochungulia kisima.

"Puli hii si kipande kimoja," Sikio akawaeleza. "Kuna chuma cha ndani, kuna cha nje, na katikati kuna pete ya mpira. Dizeli haizunguki kwa ulaini, inapiga mateke, na ule mpira ndio unaoyameza. Huu umechoka, umeachia. Ndani inakwenda, nje inachelewa na kuyumba. Ukiyumba ukingo, mkanda unalia na kulika. Mimi nikabadilisha mkanda, nikamwacha mwizi ndani ya nyumba." Akamtazama mkewe. "Na mlio wenyewe mkaulainisha kwa sabuni."

Mstari ule mweupe uliokatika ulikuwa unamtazama. Miaka yote hiyo alidhani chaki ya mzee ilikuwa kichaa cha uzee. Kumbe mzee alikuwa ameyahamisha masikio yake, akayapeleka machoni, na hakuna kati ya wanafunzi wake aliyekuwa na akili ya kuuliza.

Kuitoa puli kulitaka watu. Kwanza alichora njia ya mkanda kwenye kipande cha boksi, unapita juu ya hiki, chini ya kile, maana mkanda ukishatoka kila mtu hujifanya anakumbuka. Akausukuma mkono wa kibana mkanda kwa spana, mkanda ukalegea, akauchomoa. Bolti ya kranki ilikuwa imekaza ukaidi wa miaka ishirini. Shemeji akakaa ndani, gia ya tano, mguu kwenye breki, ili injini isizunguke. Upepo akaleta bomba refu la chuma, wakalichomeka kwenye mpini wa spana.

"Kanyaga breki, shemeji! Kwa nguvu zote!"

"Mnaniambia mimi? Mimi ndiye ninayewaambiaga watu wasukume!"

"Basi leo sukuma wewe."

Wakaning'inia wanaume wawili kwenye bomba, mmoja mnene na mmoja mwembamba, kama nguo kwenye kamba. Bolti ikatoa mlio, ta! Huo Sikio aliusikia mpaka kwenye meno. Ikaachia. Puli ilipotoka, nusura ukingo wake wa nje ubaki mkononi peke yake, na mpira ukamwagika chini kama mkate mkavu. Akamulika nyuma yake: sili ya oili ilikuwa kavu, haivuji. Afadhali.

"Peleka hii duka la vipuri," akamwambia Upepo. "Walinganishe upana, kina, na idadi ya mifereji. Mkanda mpya. Na bolti mpya, usikubali wakikuambia ya zamani inafaa. Hii ikishakazwa mara moja imeshavutika."

Upepo akawasha pikipiki akaondoka. Shemeji akakumbuka simu ya kupiga barabarani, simu ambayo haikuwepo. Wakabaki mume na mke, wamekalia benchi la kazi, sabuni katikati yao.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sabuni au masikio?"

"Vyote."

"Masikio tangu wale ndege." Alikuwa anakunja tepu kidoleni, anaikunjua. "Sabuni ni tangu siku ile uliposema gari halina kitu. Baba watoto, gari lilikuwa linapiga ukunga! Mteja wangu alikuwa anapimwa gauni, akaziba masikio, nikachomwa na pini. Wewe umesimama pale, macho umefumba, umetulia kama uko kwenye maombi. Nikaona watu wanatazamana. Nikasema, leo watamcheka mume wangu. Nikamwambia mdogo wangu, kila ukikaribia kona ya gereji, simama, paka sabuni, ndipo uje."

"Na hiyo dawa umeipata wapi?"

"Mkanda wa cherehani ukilia napaka sabuni. Unanyamaza."

"Wa cherehani ni ngozi, mke wangu. Huu ni mpira. Ukiupaka sabuni unanyamaza, halafu unateleza, halafu unapata moto, halafu unakatika."

"Mbona hukunifundisha?"

"Mbona hukuniambia?"

Wakatazamana. Hakukuwa na aliyeinua sauti. Walikuwa wameoana muda mrefu kiasi kwamba hata ugomvi wao ulikuwa umeota kitambi.

"Ungekatika njiani," Sikio akasema polepole, "pampu ya maji ingesimama, injini ingechemka, na mdogo wako angekaa kando ya barabara na mkoba wake, huku mwanamke wa watu analala chini anamngoja. Na sababu yake ni mimi, kwamba sikutaka Upepo anicheke."

Mkewe hakumbishia. Angeweza kusema, usijali, halikutokea. Alikichukua tu kile kipande cha sabuni, akakigeuza, akakirudisha palepale.

"Nikisema, nimefunga boksi," akaendelea. "Unaijua ile yamini."

"Naijua. Umenisimulia mara mia, mwanzoni kwa kujisifu." Akainuka. "Mimi sikukatazi kufanya kazi, wala sikulazimishi. Ila sabuni yangu haitapaka tena mkanda. Hilo ujue."

Pikipiki iliporudi, shemeji naye akawa amemaliza simu yake isiyokuwepo. Upepo akashuka na kifurushi, akakipanga juu ya benchi: puli mpya nyeusi, mkanda, bolti. "Kwa hiyo alteneta imepona?" akauliza.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya mwisho ya kujitia hamnazo. Angecheka, angesema ndiyo imepona, na mchana ungeendelea. Sikio akaenda kwenye kona, akaliinua boksi lake la spana kwa mikono miwili, akalibeba mpaka mbele ya Upepo.

"Unaikumbuka yamini yangu?"

"Ile ya mbele ya lori?"

"Hiyohiyo. Masikio yameniacha, Upepo. Sauti nene nazisikia. Nyembamba hazipo. Gari hili limelia mtaani miezi mitatu, sijalisikia hata siku moja. Asubuhi nilibahatisha. Niliapa nitamkabidhi mtu boksi, basi chukua."

Hakuna aliyecheka. Upepo alifuta mikono kwenye suruali, mara moja, mara mbili, akalitazama boksi, akamtazama mwenzake.

"Kwani unadhani nikikuita natupa kokoto kwa nini?" akasema. "Mwaka wa pili huu nakutupia kokoto mgongoni. Ulidhani ni mapenzi?"

"Ulikuwa unajua?"

"Kila mtu anajua! Muuza magazeti anajua. Yule paka anajua, ndiyo maana siku hizi hakulilii, anakukwangua mguu. Sisi tulikuwa tunakusubiri wewe ndugu yetu, nawe umejikaza kisabuni."

Shemeji akakohoa. Mkewe akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Kwa nini hukunikumbusha yamini?" Sikio akauliza. "Wewe ambaye husahau kila kitu ila maneno ya watu."

Upepo akashusha sauti, kisha akakumbuka anaongea na nani, akaipandisha tena. "Kwa sababu siku ile na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wewe. Wewe uliigiza tu, mimi ndiye niliyegaagaa chini. Na mzee alikuwa amesimama pale." Akalisukuma boksi kwa kidole. "Sasa umenikabidhi. Nimelipokea, ni mali yangu. Na mali yangu nimempa fundi aitumie, maana mimi mgongo unaniuma. Yamini imetimia. Kuna mwenye swali?"

"Mimi ninalo," shemeji akasema. "Mkishamaliza harusi yenu ya boksi, gari langu litashuka kwenye hilo jeki lini? Nina mama wa mapacha, ameniambia bado yuko vizuri, lakini mapacha hawana adabu."

Sikio akaliweka boksi chini, akaipigia magoti kazi. Alisafisha kikalio cha puli kwa kitambaa mpaka chuma kikacheka. Akaivika puli mpya, akatia bolti kwa vidole kwanza, kisha kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, mpaka ilipogonga. Akachora nukta ya chaki kwenye kichwa cha bolti na nyingine kwenye puli, shemeji akakanyaga breki, Upepo akaning'inia kwenye bomba, wakaizungusha robo duara, nukta ikahama hadi pale hasa alipotaka. Puli za juu akazifuta moja moja, sabuni isibaki. Kipande cha boksi chenye ramani kikaegemezwa mahali pa kuonekana, na mkanda mpya ukapita juu ya hiki, chini ya kile, kibana mkanda kikaachiwa, ukakaza. Akachungulia kila mfereji kuona umekaa mahali pake. Mwisho akachora mstari mpya, kutoka katikati mpaka ukingoni.

"Washa."

Alisimama hatua mbili kutoka kwenye taa, palepale pa siku zote. Ila hakufumba macho. Aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Semeni," akasema. "Mnasikia nini?"

Hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo maishani mwake, na nusura wao nao wasijue la kufanya. Mkewe ndiye aliyeanza. Akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa kulia.

"Hakuna mlio," akasema. "Kabisa."

"Kuna kitu kinafanya tik, tik," Upepo akasema.

"Wapi?"

"Hapa... Ah. Saa yangu."

Wakazima. Sikio akapiga magoti. Mstari ulikuwa mzima, mnyoofu, kama ulivyochorwa. Akauangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akarudisha kifuniko, gurudumu, akashusha jeki, na shemeji akazungusha usukani kwa kidole kimoja kuwaonyesha. Taa nyekundu ilikuwa imezimika.

"Chukua na hii," Sikio akamwambia, akimpitishia dirishani kile kipande cha sabuni. "Ya kunawia mikono. Nikiikuta tena kwenye injini, nitakupeleka kwa fundi mwingine."

"Na mlio ukirudi?"

"Njoo ulie na wewe, tena kwa sauti nene, nikusikie."

Gari likatoka na kukata kona bila kusimama.

Kesho yake asubuhi aliingia dereva wa gari la mizigo, mtu aliyesifiwa gereji hiyo na nusu ya mji. Alizima, akashuka, akasimama pembeni kwa heshima, akingoja kuona ule utaratibu maarufu. Sikio akanawa mikono. Akatoa chaki bapa mfukoni, chaki ambayo mkewe alikuwa ameshaidai mara mbili kupitia dirishani kwa sababu ana gauni la watu. Akavuta stuli, akamkalisha dereva, naye akakaa mbele yake, karibu, anamtazama mdomoni.

"Kabla sijaligusa," akasema, "nisimulie. Wewe unasikia nini? Usiruke kitu."

Dereva akamtazama jirani wa matairi kwa mshangao. Upepo alikuwa anachagua kokoto.

"Msimulie tu, kaka," akasema. "Lakini ongea kutoka tumboni."